Mama Sabina Hakuniroga

Shikamooni wazee. Wengine habari za kusubiri. Daktari ameniomba niongee nanyi kabla hajaanza kuita majina. Naona mmekaa kwenye mabenchi mkiachiana nafasi ya mtu mzima. Naijua hiyo nafasi. Nami nilikaa hapo hapo, na aliyekuwa jirani yangu akahamia kule dirishani.

Naitwa Deo, fundi matairi wa Lusahunga, pale malori ya Rusumo yanaposimama. Mimi si msemaji, na hasira zangu ziko karibu, mtanivumilia. Nina maneno mawili. La kwanza, ugonjwa huu unatulizwa. La pili, Mama Sabina hakuniroga. Hilo la pili ndilo lililonitoa nyumbani leo.

Mama Sabina ni mdogo wa marehemu mama yangu. Mama alifariki nikiwa sijui hata kufunga vifungo vya shati. Sabina akatoka kwao Kasulo, huko Ngara, akaja kwetu Nyamigogo kunilea, na hakuondoka tena. Hakuolewa. Nilipooa nilimjengea nyumba ya vyumba viwili ubavuni mwa yangu. Yeye na mke wangu Editha walilima maharage pamoja na kupika jiko moja. Mimi mchana kutwa nilikuwa barabarani nikibandua matairi ya lori kwa mikono hii. Sikuwahi kulazwa hata siku moja.

Ilianza na koo. Nilivimba mafindofindo wiki nzima, nikameza vidonge, koo likapoa. Baada ya siku chache vikatoka vipele vyekundu kwenye viwiko na magotini. Juu yake kulikuwa na magamba meupe. Nikasema ni fangasi. Nikapaka dawa ya fangasi, havikusikia. Vikaungana, vikawa mabaka makubwa kama kiganja. Yakapanda kichwani, yakashuka mgongoni. Yaliwasha mpaka nikajikuna kwa bisibisi ya kazini. Ukibandua gamba, chini yake damu inatoka kwa nukta nukta. Kucha zikawa na vishimo, zikageuka njano, zikaachana na nyama. Asubuhi Editha alikung'uta shuka nje, na kuku wakakimbilia wakidhani ni pumba.

Msicheke sana. Hata mimi nilicheka siku ile, ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Pale Lusahunga watu waliongea. Wakasema ukimwi, nikapima, sina. Wakasema ukoma. Mama ntilie aliyekuwa akinipa chakula kila siku akaninunulia sahani yangu ya bluu, akaiweka peke yake chini ya meza. Nilikula kwenye ile sahani miezi minne. Dereva mmoja niliyemjua miaka mingi alinipa funguo zake kwa kuzirusha.

Nyumbani ni mtu mmoja tu aliyenigusa bila kufikiri. Kila jioni Mama Sabina alinikalisha kwenye kigoda, akachukua kopo la samli na kunipaka mgongo wote taratibu. Magamba yalilainika, kuwasha kukapungua, nikaweza kulala. Akisha kunipaka ananiambia, "Ulikuwa na mgongo kama huu ulipougua surua, Deo. Ulipona." Basi.

Baba yangu mdogo, anayeshika ukoo tangu baba afariki, akaona mambo yanachelewa. Akanipeleka kwa mganga. Mganga alinichanja chale kwa wembe, mistari mitatu kila bega, mitatu kila mkono, na safu mbili ndefu mgongoni. Akasugulia dawa nyeusi. Nikarudi nyumbani nikisubiri kupona.

Baada ya kama wiki mbili, ugonjwa ukatokea juu ya zile chale. Nisikilizeni hapa vizuri. Haukutokea ovyo. Ulifuata mistari. Mitatu kila bega, mitatu kila mkono, safu mbili mgongoni, kila mmoja mwekundu wenye magamba, umenyooka kama mtu amepanda maharage kwa kamba. Editha aliponivua shati alikaa chini.

Tukarudi kwa mganga, mimi na baba mdogo. Mganga aliangalia, akatikisa kichwa. "Umejiandika wenyewe. Huu umetumwa, na aliyeutuma yuko karibu. Nani anakugusa?"

Mganga hakutaja jina. Wengi kule kwetu wanasema mganga alimtaja. Hapana. Jina nililitaja mimi, kwa mdomo huu. Nilisema, "Mama Sabina. Ananipaka samli."

Baba mdogo akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na tukaondoka.

Kesho yake ukoo ulikaa uani. Mama Sabina aliitwa, akaja na mikono ina unga, alikuwa anasonga ugali wangu. Baba mdogo akamweleza. Yeye hakumwangalia baba mdogo, aliniangalia mimi. "Deo, nawe unasema hivyo?"

Nilikuwa nawashwa, nimechoka, naogopa kufa. Nilisema, "Mama, ondoka tu, nipone."

Alichukua jembe na kiroba cha nguo. Kopo la samli alilitua mlangoni kwangu. Vijana wa ukoo walibomoa jiko lake kabla hajafika hata barabarani, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikiwaangalia. Editha alilia wiki nzima, nikamkaripia.

Wiki hiyo hiyo, muuza dawa mmoja huko barabarani alinichoma sindano na kunipa vidonge vidogo vyeupe. Baadaye nilielezwa kuwa zilikuwa steroidi, dawa kali za kuzima uvimbe. Ngozi ikasafika kwa siku kumi. Magamba yakadondoka yote. Kijiji kizima kilisema, si mnaona? Mchawi ameondoka, ugonjwa umeondoka. Nami nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti, kwenye pombe, nikinywa rubisi na baba mdogo.

Vidonge vikaisha. Siku ya tano mwili ukawaka. Si mabaka tena, mwili mzima, kuanzia kichwani mpaka nyayo, mwekundu kama nyama ya buchani. Ngozi ilitoka vipande vipande kama karatasi iliyolowa. Vipele vya usaha vikatokea kifuani. Miguu ikavimba, viatu vikakataa. Nilitetemeka kwa baridi saa sita mchana, nimefunikwa blanketi mbili, na shuka ikaganda mgongoni. Kuibandua ilikuwa kunibandua mimi.

Baba mdogo akasema turudi kwa mganga, mama yule anatupiga kutokea Kasulo. Editha alisimama mlangoni. Mke wangu ni mpole, hajawahi kumjibu mkwe. Siku hiyo alimjibu. "Baba, mmeshamfukuza mama. Sasa mtamfukuza nani? Mimi?" Akanigeukia, "Baba Neema, amka. Tunakwenda hospitali." Yule dereva aliyenirushia funguo ndiye aliyenibeba kwenye lori lake, nimelala kwenye kitanda chake nyuma ya kiti. Namshukuru mpaka leo.

Nililazwa wiki tatu. Siku mbili za mwanzo sizikumbuki. Nakumbuka daktari, huyu huyu mnayemsubiri, akinigeuza na kuuona mgongo. Mwili ulikuwa mwekundu wote, lakini mistari ilikuwa bado inasomeka, imenenepa. Akapitisha kidole.

"Ulichanjwa hapa?"

Nikasema ndiyo. Nikamweleza jinsi ugonjwa ulivyofuata wembe. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa hata kidogo.

"Baba, hii ni soriasisi. Hufanya hivyo. Popote unapoikwaruza ngozi au kuichanja, yenyewe inaweza kufuata."

Nilikasirika. Nikamwambia anieleze kwa nini, mimi si mtoto. Akavuta kiti.

"Kwenu mwizi akija usiku, mnafanyaje?"

"Tunapiga yowe."

"Anayesikia?"

"Naye anapiga yowe, anatoka na panga. Sungusungu wanakuja."

"Mwilini mwako kuna walinzi, ni chembe nyeupe za damu. Nao wana yowe lao. Mmoja akihisi adui anatoa kemikali, wengine wanaisikia, wanakusanyika. Wewe ulipougua koo, yowe lilipigwa kwa haki. Koo likapona, ila yowe halikukoma. Walinzi wakaifikia ngozi yako, wakamwaga kemikali zao. Ngozi ikasikia, ikadhani imevamiwa, ikaanza kujijenga mbio. Kazi ya mwezi ikafanywa kwa siku chache. Inalundikana, hayo ndiyo magamba. Halafu ngozi hiyo iliyochokozwa nayo inapiga yowe, inaita walinzi wengine. Wanazungushiana hivyo. Ule wembe ulikuwa yowe jingine."

"Na mwizi?"

"Hayupo. Hakuwepo."

Akaendelea kwamba zile steroidi ziliwaziba walinzi mdomo ghafla, na zilipokatika ghafla wote wakapiga kelele kwa pamoja. Kwamba baadhi ya watu huzaliwa na mwelekeo wa ugonjwa huu, na hauambukizi, hata kwa kulala shuka moja. Halafu akauliza nilikuwa napaka nini nyumbani.

"Samli," nikasema. "Mama alinipaka kila jioni."

"Mama huyo alikuwa anajua. Ngozi hii inataka mafuta kila siku, samli au mafuta ya mgando, haichagui. Mwambie aendelee."

Niligeukia ukutani. Mwanamume mzima nililia mpaka muuguzi akaja kuuliza kama nataka dawa ya maumivu.

Nilianzishiwa methotreksati. Naitaja ili muijue, si mkainunue. Ni vidonge vya siku moja tu kwa wiki, si kila siku. Ukimeza kila siku vinaua. Vinawapunguzia walinzi sauti, kwa hiyo nikipata homa nakuja hapa mbio. Napimwa damu na ini. Rubisi nimeacha. Baada ya miezi mitatu ngozi ilirudi. Haijapona moja kwa moja, kiwiko hiki bado kinanichokoza mara moja moja. Alama za chale zimebaki.

Nikaenda Kasulo. Nilimkuta Mama Sabina kwa kaka yake, analala stoo pamoja na mahindi. Habari zilikuwa zimetangulia. Watoto wa pale hawanywi maji aliyochota yeye. Alikuwa amekonda, anapukuchua mahindi.

Nikapiga magoti. "Shikamoo mama."

Hakuitika. Nyie mnajua mtu mzima kutoitikia shikamoo ni nini. Nilibaki chini. Mwisho akasema, "Umepona."

"Nimepata nafuu, mama. Ni dawa. Ulikuwa ugonjwa tu. Rudi nyumbani."

"Kwenu wanasemaje umepona kwa nini?"

Nilijua wanavyosema. Wanasema nimepona kwa kuwa alifukuzwa. Nimesimama kanisani, nimesimama mkutano wa kijiji, nimeonyesha vidonge. Wananisikiliza, wanatikisa kichwa, wakifika njiani wanasema Deo analinda jina la mamaye. Kila siku ngozi yangu inayong'aa inamshitaki upya.

"Basi sirudi," akasema. "Nikirudi, siku kiwiko chako kikiwasha wataniua."

Ndiyo maana naongea hapa, na kliniki zote daktari anaponiita. Ukitoka baka, njoo hospitali, usipelekwe kwa wembe wala kwa sindano ya barabarani. Usijisugue kwa jiwe. Jipake mafuta. Na ukiulizwa nani anakugusa, funga mdomo. Huenda ndiye pekee anayekutibu.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, Editha na yule dereva. Kila mwezi nikitoka hapa napanda gari mpaka Kasulo. Mwezi uliopita Mama Sabina aliingia stoo, akatoka na kopo, akanivua shati bila kuuliza. Alinipaka samli, mstari kwa mstari, hakuruka hata mmoja. Nilipoondoka nilimwamkia tena.

Bado hajaitika. Kama kuna mtu hapa anapita Nyamigogo, mnisaidie. Msiwaambie nimepona. Waambieni nakunywa dawa.