Shahada ya Mali Kauli

Wiki ya Krismasi nusu ya mtaa wetu wa mashuka pale Kariakoo ilikuwa imefungwa. Wenye maduka wengi ni watu wa Kilimanjaro kama sisi, na Desemba ikifika hakuna anayewauliza wameenda wapi. Baba mdogo alipakia gari, akaniachia funguo, akasema, "Binti, duka ni lako mpaka mwaka mpya." Nyumbani walijua nimejitolea kulinda duka. Ukweli ni kwamba sikutaka kwenda. Kule, nyama ikishagawanywa, kila mtu hueleza mwaka wake ulivyokuwa, na mimi ulikuwa mwaka wa pili tangu nipate shahada ya ualimu na bado nilikuwa nakunja mashuka.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Ajira za walimu zilikuwa zimetoka na jina langu lilikuwamo. Sekondari ya kata, mkoa ambao sijawahi hata kuupita. Niripoti Januari, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Chuoni nilisomeshwa kwa mkopo. Walituambia ualimu ni wito, nami nikauliza kama wito nao una posho ya nyumba. Darasa zima lilicheka, isipokuwa mhadhiri. Sasa nilitaka jibu langu mwenyewe, kwa hiyo nikachana kifuniko cha katoni, nikachora mstari katikati. Upande mmoja mshahara wa mwalimu, na chini yake makato: mkopo, pensheni, bima, chama. Kisha kodi ya chumba, na nauli ya kwenda kumwona mama. Upande wa pili hela anayonipa baba mdogo, ambayo ni ndogo, lakini nalala kwake na nakula kwake. Kwenye mstari wa makato upande huo niliandika: hakuna. Nilijumlisha mara tatu. Kila mara duka lilishinda shule, na kila mara sikufurahi. Nilidhani nimekosea mahali, nikaibandika katoni ukutani.

"Ticha, leo tumebaki mimi, wewe na paka," alisema mzee wa kanga, jirani yetu, mtu wa pwani ambaye Krismasi haimhusu. Aliniita ticha tangu siku ya kwanza, na sikujua kama ananiheshimu au ananitania.

"Shikamoo, mzee. Biashara vipi?"

"Marahaba. Biashara ipi? Wachaga mmeondoka na wateja wenu."

Alifunga mapema kwenda kuswali na hakurudi. Mchana ukawa mrefu. Siku ile redio yangu ndiyo pekee iliyosikika mtaani, nikaizima kwa aibu.

Mkesha wa Krismasi alikuja mama mmoja kutoka Ifakara, nyuma yake kijana wa mkokoteni na robota la mashuka. Nilimjua. Alikuwa amelichukua kwa baba mdogo miezi kadhaa nyuma kwa mali kauli, yaani bila kutoa hata shilingi, kwa neno lake tu: ukiuza lete hela, usipouza rudisha mzigo. Nusu ya Kariakoo inaendeshwa hivyo.

"Mangi yuko wapi?" aliuliza, kwa jina wanaloitwa wenye maduka wa Kichaga.

"Mangi amepanda mlimani, mama."

"Basi wewe ndiye mangi leo. Pokea mzigo wako, mwanangu. Haukutoka."

Nilifungua robota. Mashuka yalikuwa safi, ila kwenye mikunjo rangi ilikuwa imepauka. Yalikuwa yametundikwa juani. Sheria ya baba mdogo naijua: mzigo hurudi ukiwa umekunjwa kama ulivyotoka. Ukishauanika, ni wako.

"Mama, haya uliyaanika."

"Nisingeyaanika nani angeyaona? Wewe ungenunua shuka ukiwa umefungwa macho?"

Nimezoea kuwabana watu kwa maswali, na hilo lilikuwa swali zuri. Nikalipokea robota. Aliniombea dua ndefu ya mume na watoto, akaenda zake.

Nilibaki nimekaa juu ya lile robota. Mimi pia nilichukua shahada kwa mali kauli, nikawaza, ila hiyo haina pa kurudishwa. Siwezi kwenda chuoni na miaka yangu mitatu nikasema haikutoka, pokeeni. Na tofauti na yule mama, mimi sikuwa hata nimeianika. Tangu nihitimu sikuwahi kufundisha mtu, hata jirani. Niliikunja vizuri, kana kwamba siku moja kuna atakayeipokea.

Siku ya Krismasi nilikula chipsi peke yangu nyuma ya duka. Mlango nilikuwa nimeushusha nusu. Baba mdogo akapiga simu, akaweka sauti kubwa ili ukoo wote unisikie. Nikasikia watoto, vikombe, mtu akiitwa aje kuchinja.

"Huyu ndiye mtu wangu wa duka!" akawaambia. "Haya, binti, mauzo?"

Nikamweleza, pamoja na lile robota.

"Lililoanikwa? Na ukapokea?"

"Alikuwa na hoja, baba."

"Hoja!" Kule wakaangua kicheko. "Haya, msomi. Hoja yako nitakukata kidogo kidogo kwenye hela ninayokupa, mpaka robota liishe."

Alisema kwa utani, lakini namjua, angekata. Nikaitazama ile katoni ukutani, mstari wa makato, na lile neno langu: hakuna. Hapo ndipo nilipokosea. Huku pia nilikuwa nakatwa, ila bila karatasi. Na deni la chuo lingebaki vilevile.

Mama alichukua simu, akasogea pembeni. Kelele zikapungua.

"Wakiniuliza unafanya nini, niwaambie nini?"

Nikaibandua ile katoni ukutani.

"Waambie nimepangiwa shule," nikasema. "Naripoti Januari."

Hakushangilia. Aliuliza kama kule kuna baridi. Nilisema sijui.

Baba mdogo aliporudi hakunigombeza. Alihesabu mzigo, akasema namwacha peke yake msimu wa mashuka ya bweni ukianza, kisha akalitazama lile robota lililopauka. "Lichukue wewe. Mimi sitaliuza." Nilitaka kuuliza kama amenikata au amenipa. Mara hiyo sikuuliza.

Nalalia shuka mojawapo sasa, chumba cha kupanga karibu na shule. Mshahara ukiingia nafungua hati ya mshahara kwenye simu, nasoma makato yake, kisha naweka simu chini. Nimerudia ile hesabu, na duka bado linashinda, kwa kidogo. Jioni hakuna wa kuniita ticha kwa utani. Asubuhi wananiita hivyo darasa zima, wamesimama, na sijazoea.