Mstari wa Tatu, kwa Bibi

Sikupata nafasi ya kidato cha tano, kwa hiyo kemia najifundisha mwenyewe nyumbani, Handeni, kwa vitabu vya kuazima. Mwaka jana msikilizaji wangu alikuwa Bibi. Miguu ilikuwa imemvimba, daktari alisema moyo umetanuka, na kutwa nzima alikaa barazani akiniomba nimsomee "hao watu wako".

Watu wangu walikuwa elementi nane za mstari wa tatu wa jedwali la kemia, kuanzia sodiamu hadi argoni. Mtihani wa kidato cha sita ungetaka nijue kila moja inafanya nini ikikutana na maji, na kama oksidi yake, yaani kile kinachopatikana ikiungana na oksijeni, ni asidi au kinyume chake, besi. Vitabu ni vya Kiingereza. Nilimgeuzia Kiswahili, naye akawasengenya kwa Kizigua.

"Sodiamu ukiitia majini inakimbia juu ya maji huku ikitoa mapovu," nilisema. "Oksidi yake ni besi kali."

"Huyo hafai kutuoa, mke mwenzangu," akanitania kama bibi wanavyotania wajukuu. "Lete mwingine."

"Magnesiamu. Besi pia, ila ya upole."

"Huyo mwambie alete posa."

Kwenye alumini nilikwama. Oksidi yake inaungana na asidi, na inaungana na besi vilevile. Neno la Kiswahili sikuwa nalo.

Bibi akasema, "Si kama yule mgeni wa harusi? Anakula kwa mume, anakula na kwa mke."

Nilicheka mpaka nikapoteza nilipoishia. Nikarudi sodiamu.

Ndivyo nilivyo. Nikikosea neno moja naona yote yameharibika, naanza upya. Silikoni tuliifikia mara chache, fosforasi mara chache zaidi.

"Wa mwisho ni nani?" aliniuliza siku moja, pumzi zikimkatika. "Nataka nimjue kabla sijaondoka."

"Subiri, Bibi. Lazima twende kwa mpangilio, nikiruka nitachanganya."

"Haya. Nasubiri."

Wiki ileile akazidiwa. Tukamkimbiza hospitali Korogwe kwa gari la kukodi, kichwa chake mapajani mwangu. Kesho yake mchana, Mama alipotoka kununua maji, niliinama sikioni mwa Bibi nikaanza. Sodiamu, magnesiamu, alumini. Silikoni: oksidi yake ndiyo mchanga, ina tabia ya asidi lakini haiyeyuki majini. Fosforasi nikasema oksidi yake ni gesi. Si gesi, ni unga mweupe unaofyonza maji kwa pupa. Nilijisikia nikikosea. Sikurudi nyuma. Nikaendelea na kosa langu: salfa, moshi wake unakaba koo, na ukiyeyuka majini unakuwa asidi. Klorini, oksidi yake asidi kali kuliko zote.

"Wa mwisho ni argoni, Bibi. Huyo haungani na yeyote. Hana oksidi kabisa."

Nikangoja anicheke. Alikuwa amefumba macho, kifua kikipanda na kushuka taratibu. Mama aliporudi aliniuliza kama Bibi amesema chochote.

"Bado," nikamjibu.

Jioni tulikuwa njiani kurudi Handeni kumzika.

Sijui kama alisikia. Siku hizi nafika argoni bila kukwama, halafu natazama barazani, kama mtu anayesubiri kuulizwa.