Dawa ya Mama Tuliyoifuata Kasulu

Mwaka ule mama yangu alikuwa hawezi kukaa. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imefika mgongoni, na kila nilipomgeuza aliuma pindo la kitenge asipige kelele. Nyumbani Kibondo tulikuwa wawili tu. Panadol zilikuwa kama maji. Nilichoka hadi akiniita nikawa naitikia kwa kichwa.

Zahanati wakanieleza kwamba Kasulu kuna hospitali yenye huduma ya tiba shufaa: wanatuliza maumivu hata kama ugonjwa wenyewe hauponi. Jirani yetu aliposikia akanivuta hadi dirishani.

"Huko wanawapa wagonjwa mofini. Ni ya kuwamaliza. Usimpeleke."

Mama, kitandani, alisikia yote. Tukaenda hivyo hivyo, yeye amelala kiti cha nyuma cha taksi, kichwa mapajani mwangu. Dereva akikanyaga breki, mama ananiminya mkono.

Hospitalini muuguzi, mwanamke wa makamo, alimuuliza mama kwa Kiswahili anaumwa kiasi gani.

"Nimechoka tu," mama akajibu, kama alivyowajibu wageni wote.

Muuguzi akavuta kiti, akauliza tena kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani. Mama akasema, "Ndababara." Naumia. Sikuwahi kumsikia akimwambia hivyo mtu wa nje. Nikageukia ukutani nikalia.

"Dawa yenyewe, hiyo mofini, ndiyo ya kuniua?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama. Ugonjwa unao, sikufichi. Hii ni ya kukufanya ulale, ule, uongee na watu wako. Unywe kama tulivyokupimia." Akanigeukia mimi. "Usingoje mpaka aumwe, mpe kwa saa zake. Na hii nyingine ya kulainisha choo usiiache."

Ilikuwa dawa ya maji, chungu. Tuliporudi nyumbani, siku za mwanzo alilala sana, nami nikawa naweka kiganja puani pake kuona kama anapumua. Halafu asubuhi moja nikamkuta kakaa mkekani uani, anachambua maharage na kulalamika kwamba nimenunua yenye wadudu. Jirani alipopita akasimama.

"Njoo ukae," mama akamwambia. Wakachambua pamoja.

Hakupona. Alifariki mvua zilipokolea, asubuhi, ametulia. Baada ya mazishi nililala tu. Ndugu waliokuja msibani walipika, wakala, wakaosha vyombo, na hakuna aliyeniamsha.