Nilijipima Asubuhi Tu

Kosa langu ni hili, nalitaja mapema mcheke tumalize: nilifanya utafiti wa ugonjwa wa misuli miezi mitatu, mgonjwa akiwa mie mwenyewe, na kila siku nilimpima asubuhi tu. Mchana sikumpima, kwa sababu mchana nilikuwa nimechoka.

Kabla ya hapo nilikuwa kijana wa kawaida wa Mtoni, Temeke, mwenye cheti cha kidato cha nne na mapenzi makubwa ya kukaa ndani. Wenzangu wakienda mpirani, mie nabaki na mama, redio na mkeka. Jirani yetu Bi Somoe, balozi wa nyumba zetu kumi, aliniitaga mwali. Akinikuta mlangoni husema, "Mwali, leo umetolewa nje? Mbona ngoma hatuisikii?"

Nikapata nafasi ya kusomea tiba ya viungo, yaani kuwafundisha waliovunjika na waliopooza kutumia tena mikono na miguu yao. Mama aliwaambia watu nasomea udaktari. Sikumsahihisha.

Mwaka wa pili kope ya kushoto ikaanza kushuka. Ikifika saa nane mchana inateremka yenyewe, na nikimtazama mtu namwona wawili. Siku moja niliona mabalozi wawili wanakuja, na mmoja alikuwa ananitosha kabisa. Kisha taya. Tonge tatu za kwanza za ugali zinakwenda vizuri. Ya kumi nashika kidevu kwa mkono, nakisukuma juu kama mtu anayefunga sanduku lililojaa nguo. Chai ikaanza kunitokea puani. Sauti ikawa ya mtu mwenye mafua. Mkono wa kuchana nywele ulifika sikioni ukarudi.

Lakini nikilala, naamka mzima. Hilo ndilo lililonitia shaka. Ugonjwa gani unaokwenda kulala pamoja na mwenyewe?

Mwalimu wetu alitaka kila mwanafunzi aandike juu ya ugonjwa mmoja wa misuli usioonekana mara kwa mara. Nikaona bahati: nitajitafiti mwenyewe kwa siri, jina langu Issa nilifiche, mgonjwa nimwite Bwana K. Maktaba ilikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza. Nikasoma sura ya misuli inayodhoofika na kukonda, nikaamua ndiyo yenyewe. Sura iliyofuata sikuifungua, ilikuwa ndefu. Kila asubuhi kabla ya chai nilimpima Bwana K: anyanyue mkono, akaze taya, afumbe macho. Kila asubuhi nikaandika, "Nguvu kamili." Na kwa kuwa mtu wa viungo anajua dawa moja tu, nikampa mazoezi, kunyanyua tofali mara hamsini. Alipozidi kuchoka nikampa mara mia.

Nilikwenda kwa daktari pia, mapema, niwe wa kwanza kwenye foleni. Akaniminya, akanigonga magoti, akasema, "Kijana, una nguvu kunishinda mie. Nenda kasome." Wiki hiyohiyo mwalimu alinikuta nimelala kwenye kitanda cha mazoezi, na mgonjwa niliyepewa kumfundisha kutembea kasimama kando kwa magongo yake, ananisubiri. "Nenda nyumbani," mwalimu akasema. "Ukipata cheti cha daktari, rudi."

Cheti ningekipata wapi, na mie nina nguvu kumshinda daktari?

Ilikuwa miaka ile ambayo kijana asiye na kazi mjini aliitwa kupe. Mabalozi walitakiwa kupeleka kwenye tawi la chama majina ya wazururaji, wapandishwe lori wakalime vijijini. Mtaa wetu ulikuwa unachimba mtaro wa kujitolea kila alasiri, na Bi Somoe alisimamia na daftari mkononi. Nikawa namwona: ananitazama, anatazama saa, anaandika. Nikiweka jembe chini, anaandika.

"Shikamoo, Bi Somoe. Unaandika nini?"

"Marahaba. Naandika ninachokiona."

Nikamshuku. Sahani ya mchuzi aliyotuletea Ijumaa nikaimwaga chooni. Nikamwambia mama, "Huyu mtu ananiwekea kitu."

"Mchuzi wake tunakula wote," mama akasema. "Mbona kope zangu ziko juu?"

Lakini kesho yake nilimkuta mama akinyunyiza maji ya kombe, ya kufukuza uchawi, kizingitini. Alipoona nimemwona, akasema anazuia vumbi.

Alasiri moja pale mtaroni nilikunywa maji, hayakwenda chini. Mengine yalitoka puani, mengine yakaingia njia ya pumzi. Nikakohoa, na kikohozi chenyewe hakikuwa na nguvu, kama cha kifaranga. Kichwa kikaniangukia kifuani, shingo ikashindwa kukibeba. Macho yamejifunga, ila nasikia kila kitu. Nilimsikia Bi Somoe: "Anaigiza. Mwacheni, mtaona atakavyoinuka."

Sikuinuka. Akaja akanyanyua kidevu changu. Halafu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Midomo imekuwa ya buluu! Mpakieni kwenye lori la mawe, haraka!"

Basi lori nililoliogopa miezi yote likanibeba kweli. Bi Somoe naye akapanda. Mama, aliyekuja mbio kutoka nyumbani, akamwuliza anakwenda wapi.

"Naenda naye. Nataka kumsikia daktari kwa masikio yangu, mwanao asije akamdanganya."

Hospitali walinivuta makohozi kwa mpira, wakaniwekea hewa. Daktari, siye yule wa kwanza, akauliza, "Hali hii humwanza saa ngapi?" Mie sauti sina. Mama analia. Bi Somoe akavaa miwani, akafungua daftari, akasoma kama mwendesha mashtaka:

"Jumanne. Saa tisa, Issa kaja, katoka kulala, kachimba vizuri. Saa tisa na robo, kope zimeshuka, anajisingizia usingizi. Saa kumi, kalala kivulini. Saa kumi na moja, kaamka mzima, anacheka. Jumatano, vilevile. Alhamisi, vilevile, na kaongea puani kutuchekesha."

"Mama," daktari akamwambia Bi Somoe, "hebu rudia hapo. Na asubuhi yukoje?"

Mama yangu akatoa daftari langu la utafiti, alilolibeba akidhani lina kadi yangu ya hospitali ndani. Daktari akayaweka yote mawili sambamba mezani, asubuhi na alasiri.

"Bwana K ndiye nani?"

Nikanyanyua kidole.

Wakanichoma sindano. Haikupita nusu saa kope zikapanda kama pazia, nikamwona Bi Somoe mmoja tu. Mama akapiga kigelegele, muuguzi akamkemea. Daktari akanieleza: ugonjwa huu unaitwa miasthenia. Neva inatoa amri, msuli unaisikia asubuhi, lakini kadiri unavyotumika ndivyo unavyozidi kuwa kiziwi. Ukipumzika unasikia tena.

"Na hayo mazoezi ya tofali, nani alikupa?"

"Mie."

"Ungeendelea wiki nyingine, nisingekukuta."

Nililazwa wiki tatu. Vidonge nameza mpaka leo, kwa saa. Chuoni nilirudi, na utafiti nikauandika upya, safari hii na mchana wake. Cheti nikapata pia, kinasema nipumzike kila mchana. Fikirini, mtu kama mie, kupewa amri ya kulala yenye mhuri! Bi Somoe alikisoma mara mbili, akakigeuza nyuma atazame kama kuna lingine.

Namshukuru Mungu, mama, na daktari aliyeuliza saa. Nyie wenye mgonjwa ambaye asubuhi mzima na jioni hoi, msimwite mvivu kabla hamjamwandika siku nzima. Na msuli uliochoka msiupe adhabu, hata kama mmeusomea.

Mtu wa mwisho kumshukuru alikuwa Bi Somoe. Nilimpelekea doti ya kanga, nikaungama habari ya mchuzi, nikamwambia daftari lake ndilo lililoniponya. Akaipokea kanga, akaikagua pindo hadi pindo, akasema:

"Usinishukuru, mwali. Mie niliandika ili upelekwe ukalime, hukupelekwa, na daftari bado halijajaa."