Mama Aliyeomba Geti la Pili

Mwaka jana mashabiki tuliitwa uwanjani kwetu, hapa Masasi, tutoe maoni kabla ya ukarabati. Mabishano yakawaka. Mmoja alitaka jukwaa lenye paa, mwingine vyoo vyenye maji. Shabiki wa Newala akalalamika kwamba mechi ikiisha hawapati gari la kurudi, wanalala stendi. Tukamcheka, tukamwambia wajenge uwanja wao.

Ndipo mama mmoja aliyejitanda kanga akanyoosha mkono. Aliwapa wazee shikamoo, wakaitikia.

"Mimi pia nimetoka Newala," alisema. "Mume wangu alibanwa na kifua hapa, siku ya mechi. Wenzake wakambeba hadi getini. Geti ni hilo moja, na watu walikuwa wanaingia. Wakapiga kelele wapishwe. Walioko nje wakadhani ni goli, wakazidi kusukuma. Hakufika hospitali."

"Paa jengeni, wanangu. Mimi naomba geti la pili."

"Liwekwe wapi, mama?" fundi wa ukarabati aliuliza kwa upole.

Mama akatembea hadi ukuta wa upande wa pili, akabandika kiganja hapo, asikitoe. Yule aliyetaka paa akaenda kumshika mkono, akamrudisha taratibu. Tukapiga makofi, tukakubaliana geti la pili lijengwe.

Paa tumelipata, linapendeza. Mechi iliyopita mvua ilinyesha na hatukulowa. Tuliingia na kutoka kwa geti lile lile moja. Shabiki hudai kile atakachokitumia akiwa amekaa. Nani ajiombee njia ya kubebwa?