Radhi ya Waziri Mkuu, Pangani

Binti wa Mwalimu Ferdinand alinipigia simu kutoka visiwa vya Karibi. Baba yake hajiwezi tena, na kabla hajafumba macho anataka radhi ya Bi Mwanakombo, mwenye nyumba wake wa zamani pale Ngamiani, Tanga. Aliondoka kwake bila kuaga. Mimi, mwanafunzi wake wa zamani, ndiye pekee huku ambaye namba yake bado anayo. Nikafunga begi.

Saa kumi na mbili asubuhi nikapanda basi Dodoma. Njia nzima nilimkumbuka Mwalimu: kijana mrefu aliyetufundisha hesabu Tanga, kaptula imenyooka kwa pasi, Kiswahili chake kinakwaruza na hajali. Siku moja telegramu ilimwita kwao kwenye harakati za uhuru, akaondoka kabla ya alfajiri. Miaka ikapita, tukaanza kumsikia redioni: mbunge, kisha waziri mkuu. Alijenga zahanati hadi visiwa vidogo, akagombana na wenye mashamba ya miwa, akashinda chaguzi mbili. Ya tatu wakamwangusha vibaya. Nililia siku ile, mtu mzima na ndevu zangu, kwa uchaguzi wa nchi ambayo ningehangaika kuionyesha kwenye ramani.

Muheza nikanunua machungwa. Bado matamu, alhamdulillahi.

Alasiri nikafika Ngamiani. Nyumba ipo, ila barazani sasa wanatengeneza simu. "Bibi kahamia Pangani kwa mjukuu wake," jirani akaniambia. Nililala Tanga roho juu, nikihofia Mwalimu hatanisubiri.

Kesho yake saa tisa alasiri, Pangani. Bi Mwanakombo alikuwa akipepeta mchele.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, babaangu. Watafuta nani?"

Nilipomtaja Mwalimu, rafiki wa marehemu mumewe, ungo ukasimama. "Shemeji? Yu hai?"

Nikapiga simu. Sauti ya Mwalimu ikaja, nyembamba: "Shemeji, nisamehe. Sikukuaga."

"Nisamehe wewe!" Bi Mwanakombo akaangua kilio. "Nilidhani umekwenda skuli, nikafagia chumba chako asubuhi ileile. Niliposikia wamekutoa kwenye ukubwa, nikajua, wallahi, ni ufagio wangu."

Kwetu, msafiri akiondoka nyumba haifagiwi siku hiyo, asije akafagiwa pamoja na baraka zake. Maskini, bibi huyu aliubeba uchaguzi ule peke yake miaka yote.

Kule kikasikika kicheko, kisha kikohozi. "Si ufagio, shemeji. Nilikuwa mkaidi. Watu walisema, sikuwasikiliza."

"Basi radhi nimekupa, duniani na akhera. Haya, niage."

"Kwaheri, shemeji. Naondoka."

"Nenda salama."

Siku iliyofuata, basi la kurudi likiwa Segera, binti wa Mwalimu akanijulisha kwamba baba yake amefariki. Nikatazama mikonge dirishani, nikaona kwamba mtu huweza kutawala nchi nzima na bado akangoja ruhusa ya nyumba moja ya uswahilini. Nikampigia mjukuu wa Pangani kumpa habari.

"Babu, hapa tangu jana hatujafagia," akasema. "Bibi kaficha fagio zote. Anasema shemeji yake yuko safarini."