Nishani ya Mwanawe

Jumapili nilikuwa Nyaramba, kwenye kaburi lililo kando ya shamba la majani chai. Wanajeshi wastaafu walikuwa wakimkumbuka mwenzao aliyeuawa Somalia. Wamemwombea nishani miaka mingi, na kila ofisi huwaambia wangoje.

Baada ya sala, mmoja wao aliyekuwa akichechemea alibandua nishani yake kifuani, akainama ili ambandike nayo mama wa marehemu.

"Mama, kaa na hii yangu mpaka ya mwanao ifike."

Mama aliushika ule mkono, akaurudisha polepole.

"Asante, mwanangu, lakini hii ni yako. Mimi nataka yenye jina la mtoto wangu. Kesho mnaenda ofisini?"

Wakatazamana. "Mama, tumechoka kidogo."

"Basi pumzikeni leo. Kesho tunaenda wote."

Wazee wale wakakaza migongo kama wako kwenye gwaride. "Ndiyo, Mama!"

Jumatatu nilimkuta mama ofisini, ameketi kwenye benchi la mbele, wastaafu nyuma yake. Karani alimwambia arudi mwezi ujao. "Nitangojea hapa," akajibu. Adhuhuri mkubwa wa ofisi alitoka mwenyewe, akavuta kiti, akamsikiliza.

Nishani haijafika. Ila wastaafu wale sasa wamepata kamanda, nami nawahurumia makarani.